Kura 19 kwa kizingiti cha 18: jinsi mabunge ya Ulaya yalivyoizima sheria ya mgomo mwaka 2012

Machi 21, 2012 Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachopendekeza sheria, ilitoa pendekezo la sheria lenye ibara 5 tu. Lilihusu haki ya wafanyakazi kugoma pale mgomo unapoigusa kampuni inayofanya shughuli zake kuvuka mipaka ya nchi wanachama. Kabla Mei haijaisha, mabunge 12 yalikuwa yamelipinga kwa maandishi. Septemba mwaka huohuo Tume ikaliondoa mezani.

Hiyo ilikuwa "kadi ya njano" ya kwanza (onyo la mabunge ya nchi linaloilazimu Tume kulipitia upya pendekezo lake) tangu Mkataba wa Lisbon uanze kutumika Desemba 1, 2009. Kati ya mwaka huo na 2016 zilitolewa kadi 3, na ni hii peke yake iliyofuatiwa na pendekezo kuondolewa. Ndiyo maana kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mabunge ya nchi dhidi ya Brussels. Ushindi ulikuwepo, hatubishi. Ila ukikifungua kipande kwa kipande unakuta kadi iliusukuma mti uliokwisha kukatwa nusu, na anayefanya kazi ya kukagua mapendekezo ya aina hii anahitaji zaidi kujua shoka lilipigwa wapi.

Mgogoro ulikotoka

Desemba 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu mbili zilizopishana siku 7. Ya kwanza, Desemba 11, ilihusu Viking, kampuni ya Finland yenye feri iitwayo Rosella iliyokuwa ikienda kati ya Helsinki na Tallinn. Kampuni ilitaka kuihamishia feri hiyo bendera ya Estonia, ambako mabaharia walilipwa kidogo zaidi, na chama cha mabaharia kikatishia mgomo. Ya pili, Desemba 18, ilihusu Laval, kampuni ya Latvia iliyopeleka wajenzi wake Vaxholm, Sweden, kufanya kazi kwenye jengo la shule. Ilipokataa kusaini mkataba wa pamoja wa Sweden, vyama vya wafanyakazi viliizingira kazi hiyo hadi ikasimama.

Katika kesi zote mbili Mahakama ilikiri kwamba kugoma ni haki ya msingi. Kisha ikaongeza sharti: mgomo unaozuia kampuni kuhama au kutoa huduma nchi nyingine lazima uwe na sababu halali, tena usizidi kiasi kinachohitajika kulifikia lengo hilo. Maneno "usizidi kiasi" ndiyo yaliyochoma. Maana yake jaji wa nchi atakaa na kupima kama mgomo fulani ulikuwa mkali kupita kiasi, jambo ambalo katika mifumo ya kazi ya nchi za Skandinavia halikuwa likifanyika hivyo. Mwaka 2009 mahakama ya kazi ya Sweden iliviamuru vyama vilivyoizingira Laval kulipa fidia.

Mei 2010 Mario Monti, aliyewahi kuwa kamishna wa soko la ndani, alikabidhi ripoti iliyotaka suala hili lipatiwe ufumbuzi wa kisheria. Tume ikaandika pendekezo, nalo likapachikwa jina la Monti II, kwa kuwa sheria namba 2679/98 ya mwaka 1998 juu ya vizuizi vya bidhaa kati ya nchi wanachama ndiyo iliyokuwa Monti ya kwanza. (Siku kadi ilipotimia Monti mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu wa Italia, na bunge la Italia halikuwa miongoni mwa wapingaji.)

Ibara ya 2 ndiyo iliyokuwa roho ya pendekezo. Ilisema uhuru wa kuanzisha biashara na wa kutoa huduma uheshimu haki ya kugoma, na kinyume chake, haki ya kugoma iheshimu uhuru huo wa kiuchumi. Upande mmoja wa mizani, kisha upande wa pili, bila kusema kipi kinashinda vikigongana. Ibara ya 3 ilihusu usuluhishi wa migogoro nje ya mahakama. Ibara ya 4 ilizitaka serikali zitoe tahadhari haraka kwa nchi husika na kwa Tume linapotokea jambo zito linaloweza kuvuruga soko la ndani au kuzusha machafuko ya kijamii. Wasomaji wengi wa upande wa wafanyakazi waliiona ibara hiyo kama kengele ya kuwaripoti wagomaji. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Ulaya lilikuwa likidai jambo lingine kabisa: haki za kijamii zitajwe waziwazi kuwa juu ya uhuru wa kiuchumi. Likalikataa pendekezo.

Wiki nane, na jinsi zinavyoliwa

Utaratibu uko kwenye Itifaki Namba 2 ya mkataba. Tume inapotoa pendekezo hulipeleka kwa mabunge yote ya nchi wanachama. Kila bunge lina wiki 8 za kuandika maoni yenye hoja kueleza kwa nini pendekezo linavunja kanuni ya ukaribu, yaani kanuni inayosema Umoja uingilie pale tu nchi zenyewe haziwezi kulifikia lengo vya kutosha, na ngazi ya Ulaya inaweza kulifikia vizuri zaidi. Kila nchi ina kura 2. Bunge lenye chumba kimoja linazo zote mbili. Penye vyumba viwili, kila chumba kina kura 1. Kura zikifika theluthi moja ya zote, Tume inalazimika kulipitia upya pendekezo, kisha ilishikilie, ilirekebishe au iliondoe, na itoe sababu. Kwa mambo ya polisi na ushirikiano wa mahakama katika jinai kizingiti hushuka hadi robo.

Hapa ndipo makatibu wapya wa kamati huteleza. Saa haianzi kugonga siku pendekezo linapotangazwa kwa waandishi wa habari. Huanza pale matoleo ya lugha zote rasmi, 23 kwa wakati huo, yanapokuwa yamefika. Monti II lilitangazwa Machi 21, lakini siku ya mwisho ilikuwa Mei 22, na ukirudi nyuma siku 56 unafika Machi 27. Siku 6 za ziada zinaonekana chache mpaka uangalie kalenda ya mwaka ule: Pasaka ilikuwa Aprili 8, na Ufaransa ilikuwa na uchaguzi wa rais Aprili 22 na Mei 6, kisha wa wabunge Juni. Haishangazi kwamba kutoka Paris ilikuja sauti ya Seneti peke yake.

Wiki 8 kwenye karatasi si wiki 8 za kazi. Katika bunge la kawaida wiki ya kwanza huisha katika kusajili, kuchuja na kuamua ni kamati ipi ipewe. Halafu serikali huombwa maelezo: Uingereza ilikuwa na utaratibu wa serikali kuwasilisha waraka wa ufafanuzi ndani ya siku 10 za kazi, Sweden kamati inaweza kuidai serikali tathmini yake ya kanuni ya ukaribu ndani ya wiki 2. Hapo mwezi wa kwanza umekwisha na hakuna aliyeandika sentensi hata moja ya hoja. Zinabaki wiki 3 au 4 za kuandika rasimu, kuipitisha kamatini na, kwa mabunge kama la Sweden na, Uingereza ilipokuwa bado mwanachama, Bunge lake la Makabwela, kuipeleka mbele ya wabunge wote kupigiwa kura. Pale ambapo kamati ya mambo ya Ulaya imepewa mamlaka ya kuamua kwa niaba ya Bunge zima, muda wa pumzi ni mkubwa zaidi. Tofauti hii ya kanuni za ndani huamua nani anawahi na nani anachelewa, kuliko ukali wa msimamo wa kisiasa.

Anayechelewa hahesabiwi hata kwa siku moja. Wala haihesabiwi barua inayosema tu "tuna wasiwasi": hiyo huenda kwenye faili la mazungumzo ya kisiasa kati ya Tume na mabunge, hujibiwa kwa heshima, na haileti kura. Maoni yenye kura lazima yatamke waziwazi kwamba kanuni ya ukaribu imevunjwa na yaeleze kwa nini. Sentensi hiyo moja ikikosekana, kazi ya miezi miwili inageuka barua ya kawaida.

Hesabu ya kura

Mwaka 2012 Umoja ulikuwa na nchi 27, kwa hiyo kura 54, na theluthi yake ni 18. Waliofika kwa wakati ni hawa. Mabunge ya chumba kimoja, kura 2 kila moja: Denmark, Finland, Latvia, Luxembourg, Malta, Sweden na Ureno. Hizo ni 14. Kisha vyumba kimoja kimoja kutoka nchi za vyumba viwili, kura 1 kila kimoja: baraza la wawakilishi la Ubelgiji, Seneti ya Ufaransa, bunge la chini la Poland, bunge la chini la Uholanzi na Bunge la Makabwela la Uingereza. Hizo ni 5. Jumla 19.

Ziada ilikuwa kura moja. Ondoa yeyote kati ya wale watano wa mwisho, unabaki na 18 na kadi bado ipo. Ondoa lolote kati ya yale saba ya mwanzo, unashuka hadi 17 na hakuna kadi. Malta na Luxembourg, nchi ndogo kuliko zote kwenye orodha hiyo, kila moja ilikuwa na uwezo wa kuiua kadi kwa kukaa kimya. Chumba cha Uingereza au cha Ufaransa hakikuwa nao. Mgawanyo huu hauangalii idadi ya watu hata kidogo, na mtu anayepanga kampeni ya kura asianze na wakubwa.

Kampeni ilikuwepo. Bunge la Denmark lilikuwa mstari wa mbele kuwashawishi wenzake, na nafasi ilikuja yenyewe: Denmark ilikuwa mwenyekiti wa zamu wa Baraza la Mawaziri la Umoja wa Ulaya katika nusu ya kwanza ya 2012, kwa hiyo mkutano wa kamati za mambo ya Ulaya za mabunge yote ulifanyika Copenhagen Aprili 22 hadi 24, takriban katikati ya zile wiki 8. Wabunge walizungumza ana kwa ana wakati bado kuna mwezi mzima wa kupitisha hati. Nyuma yao kulikuwa na watumishi wa mabunge walioko Brussels, ambao hukutana mara kwa mara na kuambiana nani anaandika nini, pamoja na mtandao wa IPEX ambako kila bunge hupandisha hati zake. Mkutano ule ungefanyika wiki 4 baadaye, tusingekuwa tunaandika haya.

Tazama pia nani aliketi na nani. Latvia ndiko ilikotoka Laval, mshindi wa mwaka 2007. Sweden ndiko vilikotoka vyama vilivyolipishwa fidia. Mabunge yao yote mawili yaliandika pingamizi. Poland, nchi inayopeleka wafanyakazi nje, ilikuwa upande mmoja na Denmark na Uholanzi zinazowapokea. Hawakukubaliana juu ya mgomo. Walikubaliana tu kwamba andiko lile halifai, kila mmoja kwa sababu yake, na kadi haiulizi sababu zinafanana au la.

Je, hoja zilikuwa sahihi?

Kisheria, nyingi zilikuwa nje ya mtihani. Swali la itifaki ni jembamba: je, lengo hili linaweza kufikiwa vya kutosha na nchi zenyewe? Maoni mengi yalijibu maswali mengine. Hoja iliyorudiwa sana ilikuwa Ibara ya 153(5) ya mkataba wa utendaji wa Umoja, inayoondoa mishahara, haki ya kujiunga na vyama, haki ya mgomo na ya mwajiri kufungia wafanyakazi nje katika mamlaka ya kutunga sheria yanayotolewa na ibara hiyo. Hilo ni suala la mamlaka: je, Umoja una ruhusa ya kuligusa jambo hili? Swali la ukaribu huja baada ya ruhusa kuwepo. Mengine yalilalamikia utata wa Ibara ya 2, au kwamba sheria haiongezi chochote juu ya hukumu zilizopo. Hoja nzuri, ila ni za ubora wa sheria.

Baadhi ya wanasheria waliokichambua kisa hiki walisema mabunge yameitumia kadi vibaya. Tunaona lawama hiyo ni kali mno. Ukiiona Tume inatumia kifungu cha akiba (cha kutumia pale mkataba haukutoa mamlaka mahususi) kutunga sheria mahali ambapo kifungu mahususi kinasema "si hapa", ni vigumu kuandika juu ya ngazi inayofaa bila kuuliza kama kuna ruhusa. Hata hivyo, kwa mwandishi wa hati, somo la kazi liko wazi: tenganisha. Aya za kanuni ya ukaribu zikae mbele, zitaje ibara ya pendekezo na zioneshe kwamba sheria za nchi zinatosha. Manung'uniko ya mamlaka na ya uwiano, yaani kama hatua imezidi kiasi, yafuate chini ya kichwa chake. Hati iliyochanganya yote huipa Tume njia rahisi ya kujibu, na ndivyo ilivyojibu: ilisema haikuona kanuni ya ukaribu imevunjwa popote.

Kwa nini basi Tume iliondoa?

Jibu liko kwenye mstari unaotaja msingi wa kisheria, ule ambao wasomaji huuruka. Monti II lilijengwa juu ya Ibara ya 352, kifungu cha akiba kinachoruhusu hatua pale mkataba haukutoa mamlaka mahususi. Ibara hiyo inadai kauli moja ya nchi zote 27 katika Baraza, pamoja na ridhaa ya Bunge la Ulaya. Nchi moja ikisema hapana, imekwisha. Kila serikali ilikuwa na kura ya turufu.

Zaidi ya hapo, kwa baadhi ya mawaziri kusema ndiyo kulikuwa kugumu kuliko kusema hapana. Ujerumani, baada ya hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Juni 30, 2009 juu ya Mkataba wa Lisbon, waziri haruhusiwi kukubali hatua ya Ibara ya 352 mpaka itungwe sheria ya nchi inayomruhusu. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2011 juu ya Umoja wa Ulaya, ilidai kibali cha Bunge kwa sheria kamili, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Denmark waziri huenda mbele ya kamati ya mambo ya Ulaya kuchukua maelekezo kabla ya mkutano wa Baraza. Bunge la Denmark lingeweza kumfunga mikono waziri wake na kuliua pendekezo bila kadi yoyote. Faida ya kadi kwao ilikuwa kusema mapema, hadharani na pamoja na wengine, wakati serikali yao ikiwa kwenye kiti cha uenyekiti na kulazimika kuonekana haina upande.

Kwa hiyo Tume iliposoma pingamizi 12 ilikuwa inasoma orodha ya nchi 12 ambako waziri atabanwa nyumbani. Katika maelezo yake ya Septemba ilikiri hivyo kwa lugha yake ya kidiplomasia: kanuni haijavunjwa, lakini pendekezo halielekei kupata uungwaji mkono wa kisiasa unaohitajika katika Bunge la Ulaya na Baraza.

Kadi nyingine mbili ni kipimo kizuri cha maelezo haya. Mwaka 2013 pendekezo la kuanzisha Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Ulaya lilikusanya kura 18 kati ya 56, juu ya kizingiti cha robo ambacho ni 14. Lilihitaji pia kauli moja, lakini Ibara ya 86 ya mkataba, iliyokuwa msingi wake, iliacha mlango wa dharura: nchi 9 zikitaka zinaweza kuendelea peke yao. Tume ililishikilia Novemba 2013, mlango ule ukatumika, na ofisi ikaanza kazi Juni 1, 2021. Mwaka 2016 marekebisho ya sheria ya wafanyakazi wanaotumwa nchi nyingine yalikusanya kura 22 dhidi ya kizingiti cha 19, kutoka nchi 11: kumi za Ulaya ya mashariki na Denmark. Kura nyingi kuliko za Monti II. Lakini hilo lilipita kwa wingi maalumu wa kura, usiohitaji nchi zote zikubali, na nchi 11 hazikutosha kulizuia. Tume ililishikilia Julai 2016, na sheria ikapitishwa Juni 2018. Hungary na Poland zilikwenda mahakamani na kushindwa Desemba 2020.

Kura 19 ziliangusha, 22 hazikuangusha. Katibu anayepokea pendekezo jipya asubuhi aanze kwenye ukurasa wa msingi wa kisheria, aandike pembeni "kauli moja" au "wingi maalumu", ndipo aamue kama wiki 8 zijazo zitumike kuandika maoni, kumbana waziri, au vyote viwili.

Yaliyobaki baada ya kuondolewa

Hukumu za Viking na Laval hazikuguswa. Zilikuwepo kabla ya Monti II, na kuondolewa kwake kuliziacha zikisimama kama zilivyo, sharti la "usizidi kiasi" likiwemo. Vyama vya wafanyakazi vilivyoshangilia Septemba 2012 vilirudi kazini chini ya sheria ileile iliyovilipisha fidia. Siku ileile ya Machi Tume ilikuwa imetoa pendekezo la pili, la kusimamia utekelezaji wa sheria ya wafanyakazi wanaotumwa. Hilo halikupata kadi, likapitishwa mwaka 2014, na mwanzoni kabisa, katika Ibara ya 1, limebeba kifungu kinachosema sheria hiyo haigusi kwa namna yoyote haki ya kugoma.